Mashine ya Wagonjwa

Babaangu alishona kanzu barazani kwetu, Konde, tangu kabla sijazaliwa mpaka mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka. Mwanzo ulikuwa mtetemeko mdogo wa kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayevuta tasbihi isiyokuwapo. Akishika kazi ulitulia, kwa hivyo hakumwambia mtu. Mamaangu ndiye aliyegundua, kwa mlio wa kikombe juu ya kisahani. Alimtazama, akanyamaza, na kesho yake asubuhi akamtilia chai katika bilauri, bila ya kisahani. Wakaishi hivyo kwa muda mrefu, Mama anajua, na Baba anajua kwamba Mama anajua, na hapana aliyelisema.

Wakati huo mimi nilikuwa nimesharudi kwa wazee wangu. Ndoa yangu ilikwisha bila ya ugomvi wa kusimulia, na skuli ninayosomesha haiko mbali na nyumbani kwetu, basi nilirudi katika chumba changu cha usichana na vitu vyangu vichache. Kimoja kilikuwa kompyuta kubwa ya mezani niliyoinunua mkononi kwa mtu Unguja, wakati nilipokuwa nikichukua shahada kwa masomo ya mbali. Chumbani hakukuwa na nafasi, nikaiweka ukumbini karibu na dirisha. Nilipomaliza masomo Mama akaifunika kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, kama alivyoifunika televisheni na jagi la maji. Mara moja moja niliifunua kupiga chapa mitihani ya wanafunzi wangu. Siku nyengine zote ilikaa tu.

Baba aliacha kazi siku aliyokuwa akiimaliza kanzu ya bwana harusi mmoja wa Shumba. Kitambaa kilikuwa kizuri, cheupe cha maziwa. Alikata vizuri, akaunga vizuri, lakini alipofika kwenye kaba, pale shingoni panapotiwa nakshi kwa mkono, mshono ulikwenda upande. Akafumua. Akashona tena, ukaenda upande tena. Mimi nilikuwa nimekaa naye nikisahihisha kazi za wanafunzi. Aliikunja ile kanzu polepole, akanipa, akasema, "Mpelekee fundi wa kule sokoni. Mwambie ni kaba tu ndilo lililobakia." Kisha akaitia cherehani kifuniko chake cha mbao. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hatukumsikia akilalamika. Ila nyumba ilinyamaza. Mtu aliyekulia na cherehani haisikii, mpaka siku itakaponyamaza.

Tulimpeleka hospitali. Dakta alimwambia anyooshe mikono, atembee mpaka mlangoni arudi, aandike jina lake. Akatuambia ni ugonjwa wa kutetemeka. Dawa za kuutuliza zipo, ya kuuondoa haijapatikana. Jina lake la kidaktari lilikuwa la Kizungu na Baba hakulipenda. "Umekaa mkononi mwangu mimi," alisema tulipotoka nje, "na jina lake siliwezi hata kulitamka."

Miezi michache baadaye nilikuwa nikizungumza kwa simu na rafiki yangu niliyesoma naye chuo, ambaye siku hizi anafanya kazi katika maabara moja Dar es Salaam. Nilimweleza habari za Baba, kama mtu anavyomweleza rafiki, bila ya kutarajia kitu. Alinipa pole, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Ile kompyuta yako bado unayo?"

Nilimwambia ninayo, imevaa kitambaa.

Hapo akanifahamisha kwamba wako watafiti wa maradhi ambao hesabu zao ni nyingi kuliko mashine walizonazo. Huzikata vipande vipande na kuwagawia watu wa kawaida wenye kompyuta majumbani, popote duniani. Mtu anaweka programu, na kila anapokuwa haitumii mashine yake, mashine hushughulika na kile kipande. Ikimaliza hurudisha jibu na kupokea kipande chengine. Nilidhani ni utapeli, maana siku hizi kila kinachoanza na "bure" huishia na mtu kuibiwa. Rafiki yangu alicheka. Alisema na yeye ameiweka, akanielekeza pa kusoma kabla sijaamua. Nikasoma. Nikakuta kwamba miongoni mwa maradhi yanayofanyiwa kazi umo na ugonjwa wa Baba.

Nilingoja Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, wakati wazee wangu wanapokuwa wameshiba na hawana pa kwenda, nikawaeleza.

"Kwa hivyo hao madaktari watakuwa wanaingia humu ndani," alisema Mama.

"Hawaingii, Mama. Hesabu zinakuja kwa mtandao, mashine inafanya, inazirudisha."

"Wanatujua?"

"Hawatujui."

"Watu wasiotujua watupe siye hesabu za dawa? Na tukizikosea?"

"Hatuzifanyi sisi. Na kipande kimoja hupewa mashine zaidi ya moja, wapate kulinganisha majibu."

Hilo lilimridhisha kidogo, kwa kuwa Mama naye hamwamini mtu mmoja. Hata bei ya samaki huuliza kwa watu wawili.

Baba alikuwa akisikiliza tu. Kisha akauliza, "Hesabu za nini hasa?"

Mimi nasomesha Kiswahili na historia, si sayansi, na nilimweleza kama nilivyofahamu. Nilisema ndani ya mwili mna vitu vinaitwa protini, na kila protini huanza kama uzi mrefu, kisha hujikunja yenyewe mpaka ikapata umbo lake, na kwa umbo hilo ndipo inapofanya kazi yake. Mara nyengine uzi hujikunja vibaya, nyuzi zikashikana na kuganda, na katika baadhi ya maradhi, ya kwake yakiwemo, madaktari wanaona kwamba huko ndiko kwenye tatizo. Hawajui vyema huo uzi unajikunja vipi. Kompyuta inajaribu mikunjo, mmoja baada ya mmoja.

"Inakunja," alisema Baba.

"Inakunja."

"Na iliyokunjika vibaya haifumuliki?"

"Ndicho wanachokitafuta. Namna ya kuufumua, au ya kuuzuia uzi usikunjike vibaya tangu mwanzo."

Aliutazama mkono wake uliokuwa juu ya goti. Ulikuwa ukitetemeka kama kawaida yake. "Basi iweke," alisema.

Nikaiweka siku ile ile. Kwenye kioo ikatokea picha ya kitu mfano wa ushanga wa rangi nyingi, kinajipinda na kujinyoosha taratibu, na chini yake mstari uliokuwa ukijaa kidogo kidogo kuonyesha kazi imefika wapi. Mimi niliitazama mara mbili tatu, nikaizoea. Baba hakuizoea. Alikichukua kiti chake cha kushonea kutoka barazani, akakiweka mbele ya kompyuta, na kila akirudi msikitini baada ya adhuhuri alikaa hapo. Jua likigeuka likapiga kwenye kioo, aliinuka akavuta pazia. Nikirudi kutoka skuli alinipa habari kabla sijavua buibui.

"Leo inakwenda mbio," aliniambia. Au siku nyengine, "Tangu asubuhi iko pale pale. Kipande cha leo kigumu."

Umeme ukikatika alisikitika kwa ajili ya kazi iliyopotea, mpaka nilipomfahamisha kwamba programu hujiwekea alama pale ilipofika, na umeme ukirudi huendelea kutoka hapo. "Ina adabu," alisema. "Wako mafundi wakiitwa kula wakirudi hawajui walipoishia."

Kipande cha kwanza kilipomalizika yalitokea maneno ya Kiingereza. Akaniita kutoka uani nilikokuwa nikifua.

"Wanasemaje?"

"Wanatushukuru. Kazi imefika."

"Wajibu. Waambie hapana neno."

"Hapana pahala pa kujibu, Baba."

Akaisogelea ile kompyuta, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Hapana neno." Akarudi kukaa.

Siku moja aliniuliza hao wenzetu wanaofanya kazi hii wako nchi gani. Nilimwambia wako kila mahali, hata nchi za theluji. Hilo lilimpendeza. Alitaka kujua kama na huku kwetu wapo.

"Gando unadhani kuna mtu anayo?" aliuliza, akipaza sauti kidogo, maana Mama ni mtu wa Gando na alikuwa jikoni.

"Sidhani, Baba."

"Basi tumewatangulia."

"Watu wa Gando wana kazi," Mama alijibu kutoka jikoni. "Hawana wakati wa kukaa wakatazama shanga."

Yeye hakuipenda ile kazi na hakuficha. Alisema ukumbi wenyewe una joto na mashine inaongeza joto. Alisema inavuma kama mzinga wa nyuki. Alisema wenzake wakija kuzungumza, macho yao huwa kwenye kioo na hawamsikilizi. "Inawatumikia watu, na umeme tunatia siye," alisema. Nilipomwambia umeme nitatia mimi, aliacha habari ya umeme akarudi kwenye joto. Sharti lake kubwa lilikuwa kwamba ikishasaliwa isha kompyuta izimwe. "Hata ng'ombe wa gari hufunguliwa akalala," alisema, na juu ya hilo hapakuwa na mjadala. Yeye ndiye aliyeipa jina la mashine ya wagonjwa, na alilitaja kwa kuvuta mdomo. Paka akipanda mezani, husema, "Hebu mteremsheni huyo, hiyo ni mashine ya wagonjwa."

Kisha ikaja masika. Konde masika ikishika, nguo hushinda kambani na kuingizwa ndani zikiwa na maji vile vile. Shida ya Mama ilikuwa kofia za Baba. Baba anavaa kofia za viua, za kushona kwa mkono, nyengine alishonewa na Mama mwenyewe zamani walipokuwa wachumba. Kofia hizo hufuliwa, zikatiwa wanga, zikavikwa juu ya bakuli mpaka zikauke zikiwa zimesimama. Isiyokauka vizuri hulala kichwani kama chapati. Na Baba, baada ya kuacha kazi, alikuwa amebakiwa na unadhifu wake tu. Fundi wa kanzu hawezi kwenda msikitini na kofia iliyolala.

Katika kupangusa vumbi, Mama akagundua kwamba nyuma ya sanduku la kompyuta kunatoka upepo wa moto.

Hakumwambia mtu. Mimi niliona tu kwamba kofia za Baba zinasimama vizuri katikati ya mvua, nikadhani anazikausha karibu na jiko. Baba alikuwa akiona kila kitu, maana alikaa pale pale. Mama huja na bakuli lake, akaliegemeza nyuma ya sanduku, akasimama kidogo akitazama zile shanga zinavyojipinda, kisha akaondoka. Baba hakusema neno. Alifurahi kumwona anaisogelea mashine, na alichelea akimsemesha ataacha.

Siku moja nilirudi kutoka skuli nikamkuta Baba amesimama mbele ya kompyuta, anabonyeza kitufe cha kuwashia kwa mikono miwili, mmoja ukiushika mwengine usikimbie.

"Imekataa," alisema.

"Umeme upo?"

"Upo. Feni si hiyo inazunguka."

Niliinama nyuma ya sanduku. Kulikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Kwenye vitundu vya kutolea hewa palikuwa na wanga uliokauka, mweupe, na kipande cha uzi wa kofia. Nilipoinua kichwa nilimwona Mama kwenye mlango wa uani, mwiko mkononi.

"Labda umeme umekuja kwa kishindo," alisema.

"Labda," nilisema.

Baba alitutazama sote wawili, akarudi kubonyeza.

Asubuhi yake, nilipokuwa natoka kwenda skuli, nilimkuta Mama mlangoni amevaa buibui lake la safari. Miguuni mwake palikuwa na furushi kubwa lililofungwa kwa kanga mbili, ndani yake kompyuta na kioo chake.

"Mama, nitaipeleka mimi Jumamosi."

"Jumamosi mbali."

"Ni nzito hiyo."

"Nishakubeba weye na ndugu zako," alisema, "na maji juu ya kichwa." Akajitwisha furushi, akaenda kungojea gari la Wete. Nilisimama nikamtazama mpaka alipokata kona. Sikumbuki kama niliwahi kumwona Mama akienda Wete kwa jambo lisilokuwa harusi, maziko au hospitali.

Mchana ule nilipika mimi. Nilipokwenda kumwita Baba tule, nilimkuta amekaa kwenye kiti chake mbele ya meza tupu. Vumbi lilikuwa limeacha alama ya mraba pale sanduku lilipokuwa. Iliniuma sana kumwona hivyo, kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nikiogopa jambo moja: kwamba Baba anangoja dawa. Nilidhani kila mstari uliojaa alikuwa akiuhesabu kuwa ni hatua moja ya dawa kuja mpaka mlangoni kwetu. Mimi sikumwambia hivyo, lakini wala sikumwambia kinyume chake.

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye.

"Baba, hizi hesabu huchukua miaka mingi. Nyengine hazifiki popote. Na hata dawa ikija ikapatikana..."

"Mimi nitakuwa sipo."

"Mungu akupe umri. Lakini huenda isikuwahi."

"Mwanangu, hilo nalijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyosema wanajaribu mkunjo mmoja mmoja. Kazi ya namna hiyo haimalizwi na aliyeianza." Aligeuka akanitazama vizuri, kama anayempima mtu mabega. "Kumbe ulidhani nakaa hapa nangojea dawa?"

"Ndiyo."

"Miye napenda tu kukaa na kitu kinachofanya kazi. Tangu nilipoifunika cherehani nyumba imekuwa kimya mno. Mamako akienda kwa wenzake, na weye skuli, nabaki na saa ya ukutani. Hii inavuma. Na kazi yake kazi ya maana, si mchezo. Nikikaa nayo naona kama na miye niko kazini." Aliipangusa ile alama ya vumbi kwa kiganja. "Na kanzu zote nilizoshona, ngapi nilizivaa mimi?"

Nilimwambia chakula kinapoa. Tulipokaa kula, nilimtoa samaki miba nikamkatia vipande vidogo, na yeye, aliyekuwa siku zote akiusukuma mkono wangu, siku ile aliniacha. Ndipo akanisimulia, huku akitafuna, habari ya Mama na bakuli lake la kofia.

Mama alirudi kabla ya magharibi bila ya furushi. Alisema fundi wa kompyuta amemwambia arudi Jumamosi, akaingia jikoni kukagua nilivyopika.

Jumamosi tulikwenda pamoja. Fundi alikuwa mwanamme wa makamo, miwani yake imefungwa uzi sikioni, na kibanda chake nyuma ya soko la Wete kimejaa redio, pasi na feni zilizotundikwa ukutani. Alipomwona Mama aliinuka.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Mgonjwa wangu hali gani?"

"Keshapona." Fundi akanigeukia mimi. "Huyu mzee wako kanitia mbioni. Nilimwambia kuna kazi za watu mbele yake, akakaa pale kwenye kiti hataki kuondoka. Nikamuuliza, kwani Bi Mkubwa, kompyuta hii ina haraka ya nini? Akaniambia hii ni mashine ya utafiti, madaktari wa dunia nzima wanaitegemea, na kila siku inayolala hapa kuna mgonjwa anacheleweshwa. Mimi nikadhani imetoka wizarani."

Mama alikuwa ameanza kuangalia feni za ukutani.

"Saplai, ile ya ndani inayopokea umeme, ndiyo iliyoungua," fundi aliendelea. "Na feni yake ya ndani ilishikana. Kulikuwa na kitu kama uji mkavu."

"Wanga," alisema Mama, bado anaangalia feni.

"Wanga ulifikaje humo?"

"Kwa masika haya," alisema Mama, "mtu hawezi kujua."

Fundi alisema diski nayo ilikuwa imechoka na ameibadilisha, kwa hivyo programu zangu itabidi niziweke upya. Tulimshukuru, tukatoka. Tulipokuwa tumekaa kungojea gari, furushi katikati yetu, Mama aliniambia polepole, "Usimwambie babako habari ya wanga."

"Anajua, Mama. Siku zote alikuwa akikuona."

"Akiniona na kofia?"

"Na kofia na bakuli."

"Na asiniambie kitu?"

"Anasema alifurahi kukuona unaisogelea. Alichelea akikusemesha utaacha."

Mama alinitazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka bila ya sauti, mabega tu yakimwenda, mpaka akafuta macho kwa ncha ya ushungi. "Mwanamme huyu," alisema. "Miaka yote hii, na bado ananichungulia."

Nyumbani niliiweka programu upya, na safari hii iliniuliza tunataka kufanyia kazi maradhi gani, au yoyote yale. Nikawasomea.

"Ya babako," alisema Mama hapo hapo.

"Yoyote," alisema Baba. "Wenzetu nao wanaumwa."

"Wenzetu wana watu wao. Weka ya babako."

"Weka yoyote, mwanangu."

Walinitazama wote wawili na mimi nimeshika kipanya. Mwisho Mama akasema, "Basi angalau ianze na ya kwake." Baba akainua mkono wa kushoto, ule mzima, kuonyesha kwamba amekubali. Nikaanza na ya kwake, na kipande hicho kilipomalizika nikageuza iwe yoyote, na Mama alisimama nyuma yangu kuhakikisha kwamba kweli kimemalizika. Kofia zilirudi kukaushwa jikoni, ambako zilinuka moshi mpaka mvua zilipokwisha, na Baba alizivaa hivyo hivyo.

Baada ya hapo mwenye duka la vitambaa la hapo Konde alikuja kumtazama Baba. Ni mzee wa ukoo uliotoka Bara Hindi zamani. Yeye mwenyewe amezaliwa hapa, na babake ndiye aliyemuuzia Baba kitambaa chake cha kwanza. Walikuwa hawajaonana tangu Baba aache kushona, kwa kuwa Baba hakutaka kupita mbele ya lile duka. Walikaa ukumbini, wakazungumza habari za watu waliokwisha kufa. Mgeni akaiona kompyuta, akauliza ile ni nini.

Mama ndiye aliyejibu. Alimweleza yote, ya nyuzi na mikunjo, na madaktari wanaogawa kazi kwa watu wasiowajua, na alieleza kwa ufasaha kuliko nilivyoeleza mimi, isipokuwa pale alipozidisha. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Saratani imo?" aliuliza.

"Imo," nilimwambia.

"Dadaangu aliondoka na hiyo." Alizungusha bilauri ya chai mkononi. "Dukani kuna kompyuta. Mwanangu aliileta kwa hesabu za mzigo, inawashwa jioni tu. Njoo uniwekee."

Tulikwenda sote watatu, siku ya mapumziko. Kabla ya kutoka Mama alimchagulia Baba kanzu, akamfunga vifungo. Mimi nilikaa nyuma ya kaunta na ile kompyuta, Mama akasimama karibu yangu kunisimamia, na Baba akawekwa kwenye benchi katikati ya majora ya vitambaa. Nilimwona akinyoosha mkono, akashika pembe ya jora moja baina ya vidole viwili, akaisugua. Alisahau kabisa kama tupo.

Aliingia mwanamke na mumewe, bwana mrefu mwembamba, wanatafuta kitambaa cha kanzu ya sikukuu. Walikuwa wamechagua na mwenye duka ameshashika mkasi, walipouliza mita ngapi zitatosha kwa urefu ule.

"Muulizeni Fundi," alisema mwenye duka, akamwonyesha Baba.

Baba alimtazama yule bwana kutoka mabegani mpaka miguuni. Alitaja mita. Kisha akasema, "Lakini msichukue hicho. Kikifuliwa kitaruka, atakuwa anatembea na vifundo vya miguu nje. Chukueni cha chini yake." Mwanamke akakishika cha chini yake, akakikunja, akakinyoosha, akakubali. Mwenye duka hakukasirika, ingawa cha juu ndicho alichokuwa akitaka kukimaliza.

Tangu siku hiyo Baba huenda dukani asubuhi nyingi. Mkono wa kushoto nao umeanza, na hatua zake zimekuwa fupi, kwa hivyo Mama humfuata mpaka pale, na mara nyengine hukaa naye. Asubuhi moja skuli ilipofungwa nilipita kuwapelekea mkate wa kumimina. Dukani kulikuwa na watu. Mteja mmoja alikuwa ameinama anatazama kioo cha ile kompyuta, na Mama alikuwa akimfahamisha.

"Hiyo inatafuta dawa," alikuwa akisema. "Madaktari wanaleta kazi, mashine zinafanya. Na yule pale ni mume wangu. Yeye ndiye anayezisimamia hapa Konde."

Yule mteja akageuka akamwamkia Baba kwa heshima. Baba aliitikia, akanitazama mimi, nikatazama pembeni. Akamwambia yule mtu asogee, aje achague kitambaa.